Mwenyewe wa Maji

Mwaka 2016 nilipewa kazi ya kutafsiri kitabu cha watoto kuhusu Wagiriki wa kale, nikakwama kwenye sura ya tatu kwa sababu ya neno moja. Mchapishaji alikuwa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa Johannesburg, katikati ya mji, ghorofa ya tatu ya jengo lililowahi kuwa na lifti. Neno lenyewe ni lile ambalo Wagiriki walimwitia mtu aliyejitwalia mji bila kurithi kiti na bila kufuata utaratibu wowote. Kamusi zangu zilikuwa na majibu tayari: dikteta, dhalimu, jabari, mtawala wa mabavu. Shida ni kwamba kitabu kilieleza waziwazi kuwa mwanzoni neno hilo halikuwa tusi. Inasemekana Wagiriki waliliazima kwa wageni wa ng'ambo, na huyo mtu aliyeitwa hivyo mara nyingi alipendwa. Alileta maji mjini kwa mitaro, akajenga chemchemi za mawe, akazinyamazisha koo kubwa zilizozoea kuwafokea wengine, na wakulima wakamwombea maisha marefu. Ubaya ulikuja baadaye, au ulikuwepo tangu mwanzo ila watu walikuwa na kiu.

Niliishi na shangazi yangu, dada yake baba, fundi cherehani. Alizaliwa Kigoma kama mimi, akaolewa Uvira ng'ambo ya ziwa, akafiwa na mume huko, na akaja Afrika Kusini akiwa na Kiswahili cha watu wa kule na cherehani moja nyeusi. Ni mrefu kupita wanaume wengi ninaowafahamu. Akisimama mlangoni, chumba kinaingia giza.

Miaka mingi alishona kando ya barabara, akikunja kazi na kukimbia kila polisi wa jiji walipotokea. Kisha akashona chini ya ngazi za kanisa moja. Mwishowe akapata chumba cha chini katika jengo letu, ambacho zamani kilikuwa duka la viatu, chenye mlango wake wa barabarani. Aliupenda mlango ule kuliko alivyompenda yeyote kati yetu. Aliufagilia kizingiti asubuhi na jioni. Makanisa yote ya Wakongo na Warundi ya mtaa ule yalivaa sare zilizotoka kwake, na watu wenye ugomvi walikuja kukaa kwenye benchi lake wakajifanya wameleta suruali za kupunguzwa. Chumba hicho ndicho kitu pekee alichowahi kumiliki, na hakukimiliki.

Hakukimiliki kwa sababu jengo zima halikuwa na mwenyewe. Yaani alikuwepo mahali fulani, lakini alikuwa ameacha kuja. Kwetu ilikuwa mzaha wa kila siku. Ngazi zimevunjika, muulize mwenyewe. Panya ameingia kwenye unga, kamshtaki kwa mwenyewe. Mtoto alipouliza Mungu anaishi wapi, jirani mmoja alimjibu kuwa anaishi na mwenyewe wa jengo.

Kisha jiji likakata maji. Tulibeba ndoo kutoka kituo cha mafuta, tukapanda nazo ngazi zisizo na taa, na baada ya muda watu wa ghorofa ya sita wakaanza kuwachukia watu wa ghorofa ya pili bila sababu nyingine yoyote. Hapo ndipo akatokea yule bwana.

Alikuwa mtu wa Lubumbashi, wa makamo, mwenye viatu vinavyong'aa. Kanisani alifanya kazi ya protokole. Kwa wasiofahamu makanisa ya Wakongo, protokole ni wale wanaopokea watu mlangoni, wanaowapangia viti, na wanaotembea mbele ya mchungaji wakisafisha njia hata kama njia haina mtu. Huyu alipata mahali, hatukujua wapi na hatukuuliza, ufunguo mrefu wa chuma wenye kichwa cha herufi T, ule wa kufungulia valvu iliyo chini ya kifuniko barabarani. Jumamosi moja mchana akashuka nao, akafunua kifuniko, akazungusha. Bomba la ghorofa ya tatu likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Watu wazima walilia. Shangazi alioga mara mbili, akashuka, akamshonea yule bwana shati.

Nilikuwa nikimsomea shangazi rasimu zangu wakati akishona, kwa sababu msikilizaji asiye na subira humwonyesha mtafsiri pale alipoboronga. Msikilizaji wetu wa pili alikuwa Mrundi mmoja aliyewahi kufundisha shule ya msingi kwao, na sasa alilinda mlango wa ofisi fulani kule Sandton. Tulimwita Mwalimu. Alipanda treni ya haraka akiwa amevaa tai, akashinda amesimama, akarudi kwetu kukaa. Nilipowasomea kuhusu mtu wa Athene aliyejitia majeraha mwilini, yeye na nyumbu wake wa kukokota gari, akaingia nao sokoni akidai maadui wa wananchi wamemvamia, Mwalimu alicheka sana. Akasema watu wa kale walikuwa wepesi wa kudanganywa.

Haukupita muda. Jumapili moja baada ya ibada, mtu wetu wa Lubumbashi aliingia uani akiwa na bendeji juu ya jicho la kushoto. Alisema wahuni wa jengo la jirani wamempiga kwa wivu wa maji yetu, na kwamba wanautaka ufunguo. Hakuomba kitu. Alituambia kwa sauti ya chini: "Mimi si mukubwa wa mutu. Mimi ni mutumishi wa mayi." Mkutano ukaamua palepale kwamba mtumishi wa maji apewe vijana wa kumlinda, na kwa vile bunduki ni hatari, wabebe marungu. Watu wa Athene nao waliamua vivyo hivyo, na wao pia walichagua marungu.

Nataka ieleweke kwamba yule bwana hakuwahi kusoma kitabu changu. Hakukihitaji. Jumapili iliyofuata bendeji ilikuwa juu ya jicho la kulia, na hakuna aliyesema neno, mimi nikiwemo, maana nilikuwa nimetoka kuoga. Vijana wale waliitwa protokole, na shangazi akawashonea vizibao vyekundu vya mfuko mmoja. Alikuwa na furaha na kazi ile. Alisema kitambaa ni kizuri na mabega ya vijana ni mazuri.

Sitamsingizia. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko yote niliyoishi katika mji ule. Ngazi ziliwekwa taa. Takataka zilitoka. Wezi wa simu walihamia majengo mengine. Hata umeme ulipokatika, protokole walisimama kwenye kila kona ya ngazi na tochi, wakituwashia njia na kutuita mama na papa. Kitabu kilisema yule mtu wa Athene aliziacha sheria za mji kama zilivyokuwa, akahakikisha tu kwamba wanaozisimamia ni watu wake. Sisi hatukuwa na sheria, kwa hiyo kazi yake ilikuwa nyepesi zaidi.

Nguo zikapigwa marufuku kuanikwa upande wa barabara. Ikapigwa marufuku kuteka maji kabla yeye hajateka. Ikawa mtu akimkuta kwenye ngazi anasimama hadi apite. Na hakuna aliyetangaza wala kupiga kura, lakini taratibu watu wakaanza kumwita Mwenyewe. Mwanzoni ulikuwa ni ule mzaha wa zamani. "Muulize Mwenyewe," mtu alisema, na wote tukaangalia juu kuona kama amesikia. Kisha haukuwa mzaha tena. Mwenyewe amelala, punguzeni sauti. Mwenyewe amesema hapana.

Hapo nikapata neno langu. Ni mtu asiyepewa kiti na mfalme wala na baraza, aliyejiweka mwenyewe, na baada ya siku chache watu wanazungumza kana kwamba nyumba ni yake. Kiswahili kilikuwa nalo siku zote, kimelitumia kwa mambo mawili bila kuona haya. Nikaandika: wenyewe wa miji ya Wagiriki. Niliona nimepiga bao, nikamtumia mhariri, na mhariri akanyamaza kwa miezi, kama ilivyo kawaida ya wahariri.

Sura iliyofuata ilimhusu mtawala wa Korintho aliyetuma mjumbe kwa mwenzake wa mji mwingine, amwulize namna ya kutawala salama. Yule mwenzake hakujibu kitu. Alimtembeza mjumbe shambani, na kila alipoona suke la ngano lililozidi mengine kwa urefu, alilikata na kulitupa. Mjumbe akarudi akasema amekutana na mwendawazimu anayeharibu shamba lake. Mtawala wa Korintho akaelewa vizuri sana. Nilisoma ukurasa ule kwa sauti, na nilipoinua macho Mwalimu alikuwa ananitazama, kisha akamtazama shangazi, aliyekuwa amesimama kukata kitambaa, kichwa chake kikikaribia taa.

Mwenyewe alikuja mwenyewe. Alivua kofia, akakaa kwenye benchi, akasifu usafi wa chumba. Akasema anahitaji ofisi, na ofisi ya jengo haifai kuwa ghorofani. Shangazi alimwambia hiki ni chumba cha kushonea. Akakubali kwamba ni chumba cha kushonea. Kisha akasema, bila hasira yoyote: "Mama, kila mutu akipita hapa anakusalimia weye mbele yangu."

Kesho yake protokole wawili, wakiwa ndani ya vizibao alivyowashonea shangazi, wakabeba cherehani yake hadi ghorofa ya tatu. Waliibeba kwa uangalifu mkubwa na wakauliza iwekwe wapi. Jirani zetu waliokuwa wakishinda kwenye benchi lake kwa maneno walifungua milango kidogo, wakaona, wakafunga.

Shangazi alishona karibu na kitanda changu kwa zaidi ya mwaka. Wateja wa barabarani hawakupanda ngazi. Wa kanisani walipanda mara moja, wakahema, wakatafuta fundi mwingine. Alikataa kulitamka lile jina. Alimwita "ule mutoto". Asubuhi nyingine nilimkuta amesimama na ufagio mkononi, akiangalia sakafu yetu isiyokuwa na kizingiti. Nilijua anachokitafuta, nikajifanya natafuta sukari.

Aliyemaliza mambo ni Mwalimu. Kwenye ile ofisi aliyoilinda Sandton, alikuwa akimfungulia mlango kila siku wakala mmoja wa nyumba, na siku moja, wakisubiri lifti, akagundua kwamba wakala huyo anamfahamu mmiliki halali wa jengo letu. Mwalimu akaja kutuuliza kama amlete. Shangazi akauliza huyo mmiliki anataka nini na jengo lake. Mwalimu akasema sheria ni sheria. Nilimuunga mkono, maana nilikitaka kile chumba kirudi. Hata watu wa Athene, nilimwambia shangazi, waliletewa jeshi la mji mwingine ndipo wakaondolewa mtawala wao wa mwisho. Shangazi akauliza jeshi hilo lilipomaliza kazi lilikwenda wapi. Nikamwambia hiyo ni sura nyingine.

Mmiliki alikuwa mzee mpole mwenye sweta ya kijivu. Alikuja na walinzi wa kampuni, wenye redio na mbwa, na protokole wakavua vizibao kabla hawajaulizwa. Yule bwana wa Lubumbashi alitoka na begi moja, akiwa ameuviringisha ule ufunguo kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Hakuna aliyemzomea. Watu wa jiji wakaja wakafunga valvu, kwa sababu ilikuwa imefunguliwa bila ruhusa, na mmiliki akatuahidi maji ya halali. Kisha akampa shangazi mkono, akamrudishia chumba chake. Shangazi alifagia kizingiti hadi kikapauka.

Maji ya halali hayakuja. Tulipouliza, yule mzee mpole alijibu kwamba wanashughulikia. Tukauliza tena na wakawa bado wanashughulikia. Tukarudi kwenye ndoo za kituo cha mafuta, na shangazi, ambaye magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua, akawa anapanda ngazi na ndoo kisha anakaa kwenye ngazi ya mwisho hadi pumzi irudi. Vyoo sitavieleza. Bibi harusi mmoja alikataa kujaribu gauni kwa sababu ya harufu ya nyumba, na shangazi akasema bibi harusi ana haki. Mwalimu aliacha kuja kukaa kwetu. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa ameitegemea sheria ikaishia kwenye ndoo, na pia nilikuwa nimemkasirikia.

Wakati huo, ilikuwa 2019, mchapishaji alikumbuka kwamba kitabu kipo, akakitaka haraka. Nilikuwa namalizia mahali pale ambapo yule mtawala wa Athene wa nyumbu, akiwa amefukuzwa, anapanga kurudi. Anamtafuta mwanamke mmoja wa kijijini, mrefu kuliko kawaida na mzuri wa sura, anamvalisha mavazi ya vita, anampandisha kwenye gari la farasi, na anatanguliza watu wa kutangaza kwamba mungu mke wa mji, yeye mwenyewe, anamrudisha nyumbani. Watu wa mji wakamwona yule mwanamke, wakaomba, wakampokea mtawala.

Shangazi alisimamisha cherehani. "Batu bazima baliamini ile?"

Nikamwambia kitabu chenyewe kinashangaa. Akasema hao Wagiriki wako walikuwa wajinga, akaendelea kushona.

Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Alivaa gauni lake la kitenge cha buluu, lile la harusi na misiba, akafunga kilemba hadi kikafika juu ya fremu ya mlango, akaniambia nimsindikize. Tulipofika kwenye robot ya kona, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, akaniambia nirudi nikaangalie pasi. Pasi haikuwa na moto. Nilimwona akivuka taa zikiwa nyekundu, na teksi zikamsimamia, jambo ambalo teksi za Johannesburg hazimfanyii mtu.

Nilikuwa mlangoni pake aliporudi. Alikuja katikati ya barabara, polepole kwa sababu ya magoti, mkono mmoja umeshika gauni lisiburuzike. Nyuma yake alitembea yule bwana wa Lubumbashi, suruali imekunjwa hadi kwenye muundi, kwa kuwa alikuwa ametolewa kwenye kazi ya kuosha teksi kule kituoni. Ufunguo wa chuma ulikuwa begani. Madirisha yakafunguka. Kutoka ghorofa ya nne mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakamfuata wengine. Nilisikia mtu kwenye ngazi akisema kwamba kama huyu mama, aliyenyang'anywa chumba, ndiye anayemrudisha, basi sisi wengine tuna maneno gani. Walinzi wa kampuni walisimama, wakatazamana, na yule mwenye mbwa akasema "eish" akasogea pembeni. Na wao walikuwa wakioga kwa ndoo.

Yule bwana aliinama akafunua kifuniko, akazungusha. Jengo zima likakohoa.

Nilidhani shangazi amepatana naye vizuri. Nilidhani amemwapisha kwamba chumba hakiguswi. Mchana uleule, watu wakiwa bado wanajaza kila chombo chenye shimo, nilishuka nikakuta mlango wa barabarani uko wazi, vijana wawili wanaingiza meza, na shangazi ameushika mlango usiwafungie. Cherehani ilikuwa tayari uani, imefunikwa kwa khanga.

Nilimfuata juu. Nilipaza sauti, na sipazi sauti kwa wakubwa zangu. Nilimwuliza kwa nini ampe chumba chake kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amekaa kitandani, anafungua kilemba.

"Alisema hafungue mayi bila ofisi," alinijibu. Akaendelea kukunjua kile kitambaa, mkunjo kwa mkunjo. "Nilikuwa nanuka, mwanangu."

Akaenda kuoga. Alikaa humo muda mrefu sana. Nilikaa kwenye kiti changu nikisikiliza maji, nikiwa na hasira na yeye, na yule mtumishi wa maji kule chini, na Mwalimu, na mzee wa sweta, na nikiwa na hamu kubwa kwamba atoke ili na mimi niingie.

Alipotoka alijipaka mafuta, akakaa kwenye cherehani karibu na kitanda changu, akatia uzi. Kisha akaniuliza yule mwanamke mrefu, baada ya kumrudisha yule mtu, walimfanyia nini.

Nikapekua. Kitabu hakikusema. Mtawala aliingia kwenye ngome ya kilimani, sura ikaendelea na vita vyake, na mwanamke hakutajwa tena. Nikamwambia hivyo.

Alishona mstari mmoja hadi mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Basi weka," akasema. "Sema alikuwa na chumba. Mlango yake ya barabara."

Nikaweka. Kitabu kilipotoka, niliona mhariri amebadilisha kila "mwenyewe" kuwa "dikteta", kwa faida ya watoto. Ile sentensi ya chumba hakuigusa.